Gharika ya Mkaguzi

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu Kibiriti,

Nimempa dereva wa basi la asubuhi bahasha yenye sura sita za kitabu changu. Nimeifunga kwa gundi na kamba. Ukiikuta imefunguliwa, ujue ni dereva. Ukiikuta imelowa chai, ni wewe, maana nakujua unavyosoma huku umeshika kikombe.

Kazi yako ni ndogo. Umepiga chapa mahakamani miaka thelathini na moja, na sijawahi kuona koma yako ikikaa mahali pasipo pake. Basi piga chapa, rekebisha koma, rudisha. Maoni sikuombi. Katika ukaguzi wa shule niliingia madarasa zaidi ya elfu tatu, na nilichojifunza ni kwamba watu wengi wana maoni kwa sababu hawana kazi.

Kwa ufupi, ili usipotee njiani: hapo mwanzo binadamu wote walisema lugha moja. Walipewa nzima, kama mtu anavyokabidhiwa nyumba yenye milango na madirisha yake. Ikaja Gharika, dunia ikazama, waliobaki wakatawanyika na lugha ikavunjika vipande. Ushahidi ninao. Karibu kila taifa lina hadithi yake ya gharika: mtu mmoja mwema, chombo, wanyama, ndege anayetumwa kutafuta nchi kavu. Na nenda utakako, mtoto humwita mama yake kwa kufumba midomo na kusema mmm. Watu wasiojuana hawawezi kusema uongo unaofanana.

Msalimie dada yako Fundi, kama salamu humfikia mtu asiyesikia.

Kaka yako,
Mkaguzi


Tarehe 11 Februari

Kaka Mkaguzi,

Shikamoo. Hiyo ni ya umri wako. Kitabu siwezi kukiamkia.

Watu wasiojuana hawawezi kusema uongo unaofanana? Ningekualika mahakamani Jumatatu moja tu. Wezi wa kuku kutoka pande nne, hawajawahi kuonana, na kila mmoja anamwambia hakimu, “Mheshimiwa, kuku alinifuata mwenyewe.” Hawakufundishwa na babu mmoja. Wamefanana shida tu.

Binadamu hujenga karibu na maji kwa sababu hunywa. Mto ukifurika, anachokiona kikizama ni dunia yake yote, maana hana nyingine. Maji ya kifuu, kaka, bahari ya chungu. Huhitaji Gharika moja. Mito mingi na watu wenye hofu wanatosha. Na hiyo mmm yako, mtoto ananyonya, midomo imefumba, pua ndiyo inayotoa sauti. Ng’ombe naye husema mmm. Je, naye alikuwa ndani ya chombo akisoma sarufi?

Na kuhusu lugha kukabidhiwa nzima kama nyumba, mimi nimekaa na lugha iliyotungwa humu humu ndani. Fundi hajasikia neno hata moja tangu azaliwe, na shule hakupelekwa. Lakini nilipopata akili nilimkuta ana ishara ya kila kitu: sufuria, mvua, jirani mwongo, jana, kesho kutwa. Nilizijua kabla sijajua kusema. Marehemu mama hakutaka hata kuziona, alisema ni mchezo aliouanza baba. Wewe hukuzijua kwa sababu ulikuwa shule ya bweni. Alipokwenda ukubwani kusomea ushonaji kwenye kituo cha viziwi, aliongeza lugha ya ishara ya huko juu ya ile ya nyumbani. Kwa hiyo dada yetu ana lugha mbili. Wewe una moja, na koma zake zinakusumbua.

Nimezihesabu. Nimehamisha mia mbili na kumi na nne.

Mdogo wako,
Kibiriti


Tarehe 19 Februari

Kibiriti,

Barua yako nimeisoma na kalamu nyekundu mkononi, kama nilivyosoma kazi za walimu wavivu.

Ishara si lugha. Mbwa wangu hukwaruza mlango akitaka kutoka, na sijamwita mwanaisimu. Wahenga walisema kinywa ni jumba la maneno. Hawakusema kiganja. Neno huingia kwa sikio na kutoka kwa mdomo, na aliyefungiwa mlango huo amebaki nje na wanyama, hata kama anashona vizuri. Sisemi kwa chuki. Ng’ombe nao hatuwachukii.

Umeniudhi kiasi cha kunifanya niandike sura ya saba, na hayo ndiyo majibu yako. Nakunukulia kipande:

“Gharika naijua si kwa vitabu tu. Nilikuwa na miaka kumi na minne mto ulipovunja kingo ukaingia nyumbani kwetu. Mama alikuwa hospitali akijifungua. Baba alinipandisha juu ya bati, kisha akarudi ndani kumtafuta binti yake wa miaka sita, bubu wa kuzaliwa. Aliita. Akaita tena. Mtoto mwenye lugha angeitika. Huyu hakuitika. Ukuta ukamwangukia baba. Baadaye bubu alionekana salama upande wa pili wa paa, na mpaka leo hajui kwamba baba yake alikufa akimtafuta. Mataifa yaliyozama yana hadithi zao. Huyu aliyenusurika hana yake, kwa kuwa hadithi huhitaji maneno.”

Ni sura bora kuliko zote. Ipige chapa. Usimsomee Fundi. Siogopi kumuumiza, nakuokolea muda tu.

Mkaguzi


Tarehe 2 Machi

Kaka,

Nimemsomea.

Usidhani nilifanya hivyo kwa ushujaa. Hadithi hiyo nimeijua tangu nina akili, mama alininyonyesha nayo pamoja na maziwa. Ndiyo iliyomnyima Fundi shule, maana mama alisema nyumba hii imekwisha kugharimika vya kutosha kwa ajili yake. Ndiyo iliyomfanya awe anapakuliwa wa mwisho. Shangazi na binamu wote wanaijua. Miaka hamsini na minane nimezungumza na dada yangu kila siku kuhusu vitambaa, wateja, magoti yake na ndoa yangu iliyovunjika, na sijawahi hata mara moja kumweleza watu wanasema nini juu yake. Nilijiambia anajua. Ilinifaa kujiambia hivyo. Basi dharau utakayoikuta katika barua hii, jua kwamba fungu langu nimeshalitenga.

Alikuwa anapiga pindo la sare za wauguzi. Nilimwekea karatasi yako mezani, nikamfasiria mstari kwa mstari. Nilipofika pale baba anapoingia ndani, akanishika mkono nirudie.

“Alikuwa anamtafuta nani?”

Wewe.

“Ndani?”

Ndani.

“Nani kasema?”

Mkaguzi. Na mama. Na watu wote.

Akazima cherehani. Akaweka mikono yote miwili juu ya karatasi yako. Halafu akacheka. Kaka, nimesikia watu wakicheka kizimbani baada ya kuhukumiwa, na kilikuwa kicheko cha aina hiyo. Kisha akaniambia, “Mimi ndiye niliyepandishwa kwanza.”

Alisema na mengine. Sitakuandikia. Hakimu wangu wa mwisho alikuwa na desturi nzuri: alimpa mtuhumiwa nafasi kabla hajamwonyesha kielelezo. Nakupa. Jibu kwa sentensi moja, koma nitakuwekea mwenyewe. Baba alirudi ndani kufuata nini?

Kibiriti


Tarehe 9 Machi

Kibiriti,

Mtoto wa miaka sita! Asiye na neno hata moja kichwani! Kumbukumbu bila maneno ni maji bila chungu, yanamwagika siku hiyo hiyo. Na tuseme kweli ana kitu cha kusema, nani kasikia? Wewe. Nani kafasiri? Wewe. Nani kaandika? Wewe. Umekuwa shahidi, mkalimani na karani, bado kidogo utavaa joho ujihukumie mwenyewe. Na siku yenyewe ulikuwa hujazaliwa, au ulikuwa na umri wa saa chache. Hata wezi wako wa kuku walikuwepo kwenye banda.

Swali lako ni la kipuuzi, nami sijibu upuuzi. Mpiga chapa mwingine nimempata, kijana mstaarabu asiye na maoni. Sura ya saba itatoka kama ilivyo.

Mnikome, ninyi na mikono yenu.

Mkaguzi


Tarehe 15 Machi

MAELEZO YA FUNDI, MSHONAJI, KWA KAKA YAKE

Yameandikwa na Kibiriti. Kwa kuwa mkalimani ametiliwa shaka, mwalimu wa shule ya viziwi alikaa nasi mwanzo hadi mwisho, akasoma kila mstari na kuthibitisha kuwa ndivyo ilivyosemwa. Saini yake iko chini, pamoja na dole gumba la msemaji.

Kaka. Umeandika kwamba sina hadithi. Chukua hii.

Maji yalikuja mchana. Tulikuwa tunakula. Baba aliniweka begani akanipandisha. Bati lilikuwa la moto, niliinua mguu mmoja mmoja. Kisha akakupandisha wewe. Kisha akaweka mguu kwenye dirisha ili naye apande.

Wewe ulifungua mdomo. Baba akaweka kiganja sikioni, akatikisa kichwa. Kibiriti ananiambia maji mengi yana kelele. Mimi kelele siijui, nilichokiona ni kwamba hakukusikia. Ukapiga ukelele tena, mpaka shingo ikasimama mishipa. Hakukusikia. Hapo ndipo mdomo wako ulipokushinda ukatumia mikono. Hukuwa umewahi kusema nami kwa mikono hata siku moja, lakini siku hiyo ulisema vizuri sana. Pembe nne. Kifuniko. Kufuli. Kisha ukaonyesha mlango.

Sanduku.

Baba aliangalia maji. Akakuangalia wewe. Akashuka. Alitoka na sanduku kichwani, maji yakiwa kifuani. Akalirusha. Ukalidaka kwa mikono miwili. Miwili, kaka. Hukuacha hata mmoja kwa ajili yake. Ukuta wa jikoni ukaanguka.

Wewe uligeuza uso. Ulifungua sanduku kuangalia kama karatasi ya shule ya bweni imelowa. Haikulowa. Viatu pia havikulowa.

Mimi sikugeuza uso. Nilimwona baba mpaka mwisho. Mikono yake ilikuwa bado juu ya maji, na alisema nami. Neno alilosema silitii kwenye bahasha.

Unasema aliita, nami sikuitika. Baba hakuwa mjinga. Baba alijua sisikii. Baba hajawahi kuniita kwa mdomo.

Jina lako kwangu ni mikono miwili imekumbatia pembe nne. Kibiriti alidhani ni kwa sababu unasafiri sana.

Mama alikufa akiniona mimi ndiye niliyemchukulia mume. Hilo ni lako. Njoo ulichukue.


Tarehe 30 Aprili

Kibiriti,

Sura ya saba nimeichana. Usiweke kikombe mezani ukashangilia. Nimeichana kwa sababu ilikuwa na kosa, na mimi kazi yangu ni makosa.

Sanduku lilikuwepo.

Kwa majuma sita nimejaribu kukuandikia kwamba halikuwepo. Nina rasimu tisa. Zote zimeandikwa vizuri. Nilizisoma moja baada ya nyingine kwa jicho la ukaguzi, nikaona mwandishi anajua sana sarufi na hana haya.

Mama alifika siku ya tatu akiwa na wewe mikononi. Aliniuliza, “Baba yako alirudi kufuata nini?” Dada yetu alikuwa amekaa kwenye tope mbele yetu. Nikamtazama, nikaona mtu asiyeweza kunikanusha. Nilisema, “Alimfuata huyu.” Maneno mawili tu, ulimi hauna mfupa. Nilidhani nitayasahihisha kesho yake. Kesho yake mama alikuwa ameshawaambia majirani, na juma lililofuata nilikwenda shule na lile sanduku.

Baadaye niliamua kwamba asiyesema hana cha kusema. Nimelifanyia jambo hilo utafiti wa miaka arobaini, kwa marejeo.

Sasa nina swali moja. Sikumwona mzee mwishoni. Nilikuwa nimeshika kufuli. Muulize Fundi, mzee alisema nini? Mpe jibu dereva yule yule.

Mkaguzi


Tarehe 6 Mei

Kaka,

Nimemuuliza. Kasema, “Swali lake, mikono yake.” Akawasha cherehani.

Nilimbembeleza, maana hata mimi silijui neno hilo, na ni baba yangu pia, ingawa sikuwahi kumwona. Akaniambia nisubiri zamu yangu, nimesubiriwa miaka hamsini na minane.

Basi sikiliza. Huko kwenu kuna shule ya viziwi, mwalimu wetu anawafahamu. Jumamosi asubuhi wana darasa la wazazi. Wenzako watakuwa akina mama vijana ambao watoto wao wamegunduliwa juzi kwamba hawasikii, wanaolia kidogo halafu wanajifunza haraka. Mwalimu wao ni kiziwi, kwa hiyo kukohoa kwako kama mkubwa hakutamtisha. Utaanza na maji, chakula, choo, kama walivyoanza watu wako kabla ya Gharika.

Siku ukiweza kuuliza, njoo uulize. Mkalimani sitakuwa. Nimestaafu.

Kibiriti


Tarehe 28 Agosti

Kibiriti,

Nimerudi nyumbani salama. Basi lako lina viti vya kuadhibia watu, na barabara ya kwenu ingepata sifuri hata kwa mkaguzi mwenye huruma.

Kwanza ya kitabu. Gharika bado nasema ilikuwa moja, na hutanitoa hapo. Ya lugha nimeyafunga kwenye kabati. Koma zako nimezikubali, isipokuwa tatu.

Pili, nimewaandikia shangazi, binamu na wale majirani wawili waliobaki hai. Barua kumi na moja, zote kwa mkono wangu, kila moja ikisema baba alirudi kufuata sanduku langu na kwamba mimi ndiye niliyesema vingine. Binamu mkubwa amenijibu kwamba uzee umeniharibu akili. Nimemwandikia tena. Shangazi hakujibu, alipanda gari kwenda kwenu, naona ulimkuta kwenye ngazi ukadhani amekuja kushonewa.

Tatu, lile ulilokimbia. Ulisema unakwenda kununua chumvi, ukakaa saa nne. Chumvi ilikuwepo. Niliiona kwenye rafu ya pili.

Alikuwa anashona, hakusimama. Nilikaa mbele yake, nikasema sentensi niliyoifanyia mazoezi miezi mitatu kwa mwalimu ambaye ana umri wa wajukuu zangu na alinirudisha kundi la kwanza mara mbili. Anasema vidole vyangu vina kiburi, vinasimama hata pasipotakiwa. Dada yako alinitazama mpaka mwisho, kisha akanisahihisha. Nilikuwa nimeuliza baba “atasema” nini. Akanirudisha mwanzo. Nikarudia. Akasema kidole gumba. Nikarudia. Mara ya nne akanyanyua mikono yote miwili, akafanya neno.

Sikulielewa. Nilipekua kichwani kila nilichofundishwa, halimo. Nikamwambia sijui. Akasema hata mwalimu wangu halijui, ni la nyumbani, walilitunga yeye na baba.

Basi aliinuka, akazunguka meza, akasimama nyuma yangu, akanishika. Mikono yake ikapita mabegani, ikakutana kifuani, akafunga mkono wa kushoto kwa wa kulia. Nikaukumbuka mshiko huo, Kibiriti. Niliukumbuka mgongoni kabla ya kichwani. Juu ya lile bati nilitetemeka hata sanduku likawa linagongagonga, na yule mtoto alinikamata hivyo hivyo mpaka mtumbwi ukaja kutuchukua. Maisha yangu yote nimedhani aling’ang’ania kwa hofu, nikajivuna kwamba nilimvumilia.

Neno lenyewe ni “mshike.” Baba alimwambia amshike kaka yake, naye akafanya alivyoagizwa.

Alinishika mpaka chai ikapoa. Nilipojaribu kumwomba msamaha alirudi kwenye kiti chake, akatazama mikono yangu, akasema hiyo ishara ni chafu, haisomeki, nikajifunze upya ndipo nije tena.

Muhula wa pili unaanza Jumamosi. Nimejiandikisha.

Kaka yenu,
Mkaguzi